Maua meupe kwenye manukato ya kiume: yanaingiaje, na miti inafanya kazi gani

Ukigeuza boksi la manukato ya kiume ukakuta yasmini, maua ya mdanzi na tuberosi vimetajwa pamoja na msandali na mwerezi, una haki ya kuchanganyikiwa. Maua hayohayo ndiyo yaliyojaza manukato ya kike kwa miaka mingi. Ukimuuliza muuzaji atakwambia ni "mazito", au ni "ya kisasa", au kwamba siku hizi hakuna cha kike wala cha kiume. Majibu hayo hayaelezi kitu. Ukweli ni kwamba jinsia haimo ndani ya ua. Imo katika kazi ya mtengenezaji: sehemu zipi za ua amezichukua, zipi ameziacha, na chini yake ameweka nini. Kazi hiyo inaweza kufuatiliwa, na anayeifahamu hununua kwa pua yake badala ya kununua kwa maandishi ya boksi.

Ua jeupe si lazima liwe jeupe

Watengenezaji wa manukato wanapotaja maua meupe hawazungumzii rangi. Waridi jeupe halimo kwenye kundi hilo, ilhali mlangilangi, ambao maua yake ni ya manjano, umo. Wenzake ni yasmini, tuberosi, gadenia, maua ya mdanzi na franjipani. Kinachoyaunganisha ni tabia ya harufu: utamu mzito unaojaza chumba, ulaini unaokaribia maziwa, na chini kabisa kitu kisicho kisafi sana, chenye joto la mwili.

Tabia hiyo ina sababu. Mengi ya maua haya hutegemea nondo wa usiku kwa uchavushaji. Gizani rangi za kung'aa hazina kazi, kwa hiyo mmea huweka nguvu zake kwenye harufu, tena harufu inayosafiri mbali. Yasmini na tuberosi hunukia zaidi jua likishazama, na ndiyo maana wachumaji wa yasmini huingia shambani alfajiri, kabla joto la mchana halijaipunguza.

Kipande kimoja cha harufu hiyo kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinaamua mambo mengi. Kinaitwa indoli. Ni chembe nyeupe zinazong'aa, na ukifungua kichupa chake ukainusa moja kwa moja utakutana na naftalini, na nyuma ya naftalini harufu ya choo. Molekuli hiyo imo kweli kwenye kinyesi. Iyeyushe kwenye spiriti, ipunguze hadi sehemu moja kwa mia, kisha moja kwa elfu, na ule uvundo unaondoka, unabaki na ua lililo hai. Kwenye absoluti ya yasmini, yaani dondoo yake iliyokolea kabisa, indoli ni karibu asilimia 2 hadi 3 tu. Ukiitoa, yasmini inabaki na usafi wa sabuni. Ukiizidisha, unapata ua lililoanza kuoza.

Lakini ua halina indoli peke yake. Kwenye yasmini, kiungo kikubwa zaidi ni benzili asetati, ambacho kina utamu wa matunda unaoelekea ndizi. Maua ya mdanzi yana methili anthranilati, ambayo ni harufu ya zabibu nyeusi. Tuberosi na gadenia zina laktoni, na hizo ndizo zinazoleta ule ulaini wa nazi, maziwa na pichi. Tuberosi ina pia methili salisilati, harufu unayoijua kwenye dawa za kuchua misuli, na ndiyo sababu tuberosi halisi ukiinusa kwa mara ya kwanza inashtua: kabla ya utamu inakuja baridi ya kidawa. Kisha kuna linaloli, nyepesi na ya kuburudisha, iliyomo kwenye yasmini na kwenye maua ya mdanzi.

Hiyo linaloli ishike vizuri. Ni mojawapo ya viungo vikuu vya lavenda, na imo pia kwenye mafuta ya bergamoti. Lavenda na bergamoti ni nguzo za manukato ya kiume tangu karne ya 19. Maana yake ni kwamba ua jeupe na manukato ya kinyozi, vitu vinavyoonekana kuwa mbali kabisa, vina ndugu mmoja wa damu. Mtengenezaji anayetaka kuliingiza ua kwenye chupa ya kiume hahitaji kulisukuma kwa nguvu. Anaingilia mlango wa linaloli.

Kwa hiyo hakuna anayechukua "yasmini" akaimimina. Anachukua nyuso za yasmini. Kwa kawaida, kwenye manukato ya kiume, tunda la benzili asetati hupunguzwa, ulaini wa laktoni huzimwa au huachiwa msandali uubebe, na kinachobaki ni hewa, ukijani, na kiasi cha indoli kadiri ya ujasiri wa mtengenezaji. Wapo wanaofanya kinyume. Dominique Ropion, alipotengeneza Carnal Flower kwa kampuni ya manukato ya Frédéric Malle mwaka 2005, hakuificha tuberosi hata kidogo. Aliuvuta mbele upande wake wa kijani na wa baridi, ule wa mkaratusi, na matokeo yake ni tuberosi ambayo wanaume wengi huivaa bila kusita. Kwangu huo ni ustadi mkubwa kuliko kulifunika ua kwa moshi na ngozi kisha kuliita la kiume.

Wanaume hawakuwahi kuacha kuyavaa

Mwanzoni mwa karne ya 18 Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Cologne, Ujerumani, alianza biashara ya maji ya manukato yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la mji huo. Harufu zake zilikuwa za limau, bergamoti, mimea ya majani, na neroli. Napoleon aliyatumia maji ya aina hiyo kwa wingi. Neroli ni mafuta yanayotokana na maua ya mdanzi yakipitishwa kwenye mvuke. Ina maana mmoja wa majenerali maarufu zaidi katika historia alijimwagia ua jeupe kila siku, na hakuna aliyemwona ananukia kike. Harufu ile ilichukuliwa kuwa ya usafi tu.

Mdanzi wenyewe ni mti wa ajabu kwa mtu wa manukato. Maua yake yakipitishwa kwenye mvuke yanatoa neroli, ambayo ni ya kijani, chungu kidogo, nyepesi. Maua yaleyale yakitolewa kwa kiyeyushi kama heksani yanatoa absoluti, ambayo ni nzito, ya asali, yenye indoli wazi. Majani na vijiti vyake vinatoa petigreni, harufu kavu ya kimti ambayo manukato ya kiume yameitumia sana. Maganda ya danzi nayo yana mafuta yake. Neroli ni ghali: takriban tani moja ya maua kwa kilo moja ya mafuta, na sehemu kubwa hutoka Tunisia na Moroko. Angalia lakini jinsi njia ya utoaji peke yake inavyobadilisha anayedhaniwa kuwa mvaaji. Mvuke unatoa kitu ambacho wanaume wamekivaa kwa miaka mia tatu; kiyeyushi, kutoka ua lilelile, kinatoa kitu ambacho soko limekiita cha kike.

India walikuwa na suluhisho jingine. Katika mji wa Kannauj, jimbo la Uttar Pradesh, mafundi huchemsha maua kwenye masufuria ya shaba juu ya moto wa kuni, na mvuke hupitishwa kwenye bomba la mwanzi hadi kwenye chombo kilichokaa majini. Ndani ya chombo hicho kwa desturi huwa na mafuta ya msandali. Mafuta ndiyo yanayoupokea mvuke wa ua. Kwa hiyo uturi wa yasmini wa Kannauj, tangu tone la kwanza, ni ua jeupe ndani ya mti, na wanaume wameuvaa kwa karne nyingi. Yale yanayotangazwa leo kuwa uvumbuzi wa ua jeupe na mbao kwa mwanamume yamekuwepo pale muda wote.

Mgawanyo mkali wa maua kwa wanawake na miti kwa wanaume ulikazwa na biashara ya manukato ya viwandani, ilipoanza kuuza chupa mbili kwa nyumba moja. Hata hivyo kuanzia miaka ya 1960 maua yalirudi kwa mlango wa nyuma, na aliyefungua mlango alikuwa mkemia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edouard Demole, wa kampuni ya Firmenich ya Geneva, Uswisi, alikuwa akichunguza viungo vya yasmini. Kazi hiyo ilizaa methili dihidrojasmonati, iliyouzwa kwa jina la Hedione. Ukiinusa peke yake kwenye kikaratasi unaweza kudhani hamna kitu. Ni laini, ya hewani, yasmini isiyo na uzito, yenye kipande cha limau. Nguvu yake huonekana ndani ya mchanganyiko: inafungua nafasi kati ya harufu nyingine, inazifanya zisafiri, na inaacha wazo la ua bila utamu wake. Edmond Roudnitska aliitumia kwenye Eau Sauvage ya Dior, iliyotoka mwaka 1966, akaiweka kati ya limau na mimea ya majani kwa juu, na vetiva na ukoga wa mti wa mwaloni kwa chini. Wanaume waliinunua kama manukato ya limau. Moyoni mwake mna yasmini.

Baada ya hapo njia ikawa pana. Joop! Homme ya Michel Almairac, mwaka 1989, iliweka maua ya mdanzi na yasmini pamoja na mdalasini na msandali, kwa sauti ya juu kabisa. Le Male ya Jean Paul Gaultier, mwaka 1995, kazi ya Francis Kurkdjian, ilishona lavenda na maua ya mdanzi kwa ule uzi wa linaloli niliousema, kisha ikavitandikia vanila. Mwaka uliofuata Acqua di Giò ya Alberto Morillas ikarudi kwenye Hedione, safari hii ikiwa na harufu ya bahari na mwerezi. Mwaka 2007 Kurkdjian akatoa Fleur du Mâle, ambamo ua la mdanzi halijifichi tena nyuma ya kitu. Jina lenyewe, ambalo kwa Kifaransa ni "ua la dume", linalitangaza. Hizo si chupa za wachache waliobobea. Kadhaa kati ya hizo ni miongoni mwa manukato ya kiume yaliyouzwa sana, na kwa hiyo mwanamume anayesema hawezi kuvaa maua huenda ameyavaa tangu ujana wake.

Mti unafanya kazi gani

Watu hudhani mbao huwekwa ili kulifanya ua liwe gumu, kama mtu anayeweka chumvi kwenye chakula kitamu. Wakati mwingine ni hivyo. Mara nyingi zaidi kazi ya mti ni kupokea. Ua lina maisha mafupi juu ya ngozi, mti una maisha marefu, na ufundi wote uko pale ua linapoanza kuondoka na mti unapoanza kusikika. Kama vitu viwili hivyo havina harufu inayofanana hata kidogo, mvaaji anapata manukato mawili yanayopokezana, si moja.

Msandali ndio mpokezi bora wa maua meupe, na sababu yake ni ya wazi ukishaunusa. Moyo wa mti wa Santalum album una santaloli, harufu laini, ya maziwa, yenye joto. Laktoni za tuberosi na gadenia ziko upande uleule wa maziwa. Ua likififia, ulaini wake haukatiki. Unaendelea ndani ya mti, na pua haijui mpaka uko wapi. Msandali wa Mysore, India, ulivunwa kupita kiasi, mti umewekwa kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini, na sasa mashamba makubwa ya mti huohuo yako Australia Magharibi. Ndiyo maana msandali mwingi ulio kwenye chupa za kawaida ni molekuli za maabara, kama Javanol ya kampuni ya Givaudan. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine ni kali, zina ncha ya chuma inayobaki puani hata baada ya kila kitu kuondoka.

Mwerezi hufanya kinyume cha msandali. Ni mkavu, unanukia penseli iliyochongwa, na unakausha utamu. Ua la mdanzi likiwekwa juu ya mwerezi linakuwa nadhifu, kama shati lililopigwa pasi, na hapo ndipo manukato mengi ya ofisini yanapatikana. Tukumbuke pia kwamba "mwerezi wa Virginia" kibotania ni mreteni, Juniperus virginiana. Mwerezi wa Atlas wa Moroko ndio mwerezi halisi, na harufu yake ina unyama kidogo, kwa hiyo unaelewana zaidi na indoli.

Vetiva nayo huhesabiwa miongoni mwa miti ingawa ni mizizi ya nyasi, na pachuli huhesabiwa hivyo ingawa ni majani. Familia ya miti katika manukato ni familia ya harufu. Vetiva, hasa ile ya Haiti, ni safi, ya udongo, yenye moshi kidogo na uchungu wa kijani. Kwangu mimi hakuna mwenzi bora wa neroli kuliko huyu. Uchungu wa kijani wa maua unakutana na uchungu wa kijani wa mizizi, na utamu hauna pa kukaa. Mtu anayeogopa maua meupe aanzie hapo.

Udi ni habari nyingine. Mti wa Aquilaria ukishambuliwa na kuvu hujilinda kwa kutoa utomvu, na mbao iliyojaa utomvu huo ndiyo udi. Biashara yake inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Una zizi, dawa na asali ndani yake, na indoli ya yasmini inaonana nao kwa urahisi kwa sababu vyote viwili vina mguu mmoja kwenye unyama. Yasmini ya sambac na udi zinaweza kuwa kitu cha kifahari kweli. Tuberosi na udi, kwa maoni yangu, mara nyingi ni ugomvi: kila mmoja anataka kuongea kwanza.

Kisha kuna mti ambao haupo msituni, Iso E Super. Ni molekuli iliyotengenezwa na kampuni ya IFF katika miaka ya 1970, na leo imo kwenye manukato mengi kupindukia. Ina harufu ya mwerezi laini unaokuja na kupotea. Kwa maua meupe ni msaada mkubwa, maana haina kona. Inalizunguka ua kwa ukungu wa kimti, inalipa nafasi, na haishindani nalo. Hedione juu na Iso E Super chini, hiyo ndiyo mifupa ya sehemu kubwa ya manukato ya aina hii yaliyotoka miaka ya karibuni. Ukishazijua hizo mbili utazisikia kila mahali. Tatizo ni chupa ambazo hazina kingine zaidi ya hizo mbili.

Saa ya kwanza hadi ya sita

Manukato huelezwa kwa tabaka tatu, la juu, la moyo na la chini, na watu huzichukulia kana kwamba zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Zote ziko hapo tangu mwanzo. Tofauti ni kasi ya kuruka. Limonini ya maganda ya malimau huchemka kwenye nyuzi 176 za selsiasi, linaloli kwenye 198, benzili asetati kwenye 212. Hizo huondoka mapema. Indoli ni molekuli ndogo kuliko linaloli, uzito wake ni 117 dhidi ya 154, lakini huchemka kwenye nyuzi 254, na methili anthranilati iko palepale karibu na 256. Uzito peke yake haukwambii nani atabaki.

Takwimu hizo zinaeleza jambo ambalo wavaaji wengi hulalamikia bila kujua chanzo chake. Dakika za mwanzo ua linanukia safi, la hewani. Saa moja baadaye wepesi umeondoka, indoli imebaki, na ua linaonekana limekuwa zito na la mwilini zaidi. Halijaharibika. Limevuliwa koti. Ni wakati huo ndipo mti lazima uwe umeshafika. Katika manukato yaliyojengwa vizuri, santaloli au mwerezi unalishika ua likiwa katika hali hiyo, na indoli inasomeka kama joto la ngozi. Katika manukato yaliyojengwa vibaya kuna pengo: ua zito linaning'inia peke yake kwa saa nzima, kisha linazimika, na kinachobaki ni mbao za maabara zinazokwaruza.

Kwa hiyo kikaratasi cha kunusia kinadanganya, hasa kwa kundi hili. Karatasi ni baridi, haina mafuta, haina jasho. Jipulizie mara moja kwenye mkono, kwenye ngozi isiyo na losheni, uondoke dukani. Nusa baada ya dakika ishirini, ujue ua lenyewe ni lipi. Nusa baada ya saa moja na nusu au mbili. Hapo ndipo kiungo cha ua na mti kinapoonekana, na mimi ningenunua au kuacha kwa kuangalia saa hiyo tu. Nusa tena kesho yake asubuhi kwenye mkono wa shati, uone ni mti gani umebaki. Ukihisi harufu imepotea kabisa baada ya nusu saa, muulize aliye karibu kabla hujailaumu chupa. Pua huizoea harufu inayoendelea bila kukatika, na Iso E Super inajulikana sana kwa kutoweka puani kwa mvaaji ilhali wengine wanaisikia.

Kiasi nacho kina maana kuliko kwenye manukato ya limau au ya bahari. Maua meupe yameumbwa kuita kutoka mbali. Puliza mara mbili, kifuani chini ya nguo, na mwili utaitoa harufu kidogo kidogo. Ngozi yenye joto huikimbiza indoli mbele, kwa hiyo siku ya joto kali punguza, au chagua neroli badala ya tuberosi.

Kusoma boksi bila kudanganyika

Majina yaliyo kwenye boksi ni maelezo ya harufu, si orodha ya vilivyotiwa. Gadenia ndiyo mfano mzuri. Hakuna mafuta ya gadenia yanayopatikana sokoni kwa kiasi cha kutosheleza viwanda, kwa hiyo karibu kila gadenia uliyowahi kuinusa kwenye chupa imejengwa na mtu kwa laktoni, Hedione, indoli na vingine. Nyinyoro ya bondeni, ua dogo jeupe lenye umbo la kengele, iko hivyohivyo: haitoi mafuta yanayotumika, na harufu yake yote ni ya kutengenezwa. Moja ya molekuli zilizoijenga, Lilial, ilipigwa marufuku kwenye vipodozi katika Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 1 Machi 2022 kwa sababu za kiafya, na nyingine, Lyral, ilikuwa imeshaondolewa kabla yake kwa sababu ya mzio. Zote mbili zilitumika sana, hata kwenye manukato ya kiume. Ukihisi chupa mpya ya manukato yako ya zamani imebadilika moyo, sheria hizo huenda ndizo chanzo.

Haifai kuchukulia kwamba cha maabara ni cha kughushi. Absoluti ya yasmini huhitaji mamia ya kilo za maua kwa kilo moja, na sehemu kubwa ya yasmini ya manukato hutoka Misri na India. Ni kitu kizuri mno, lakini kinakuja na sura zake zote, tunda, asali, unyama, majani, na mtengenezaji wa manukato ya kiume mara nyingi anataka sura mbili tu kati ya hizo. Kidogo cha absoluti kwa ajili ya uhai, na molekuli za maabara kwa ajili ya umbo: hiyo ndiyo njia ambayo kazi nyingi bora zimepita.

Dai moja la wauzaji lizimwe kabisa, kwamba Hedione humvutia mwanamke kwa siri. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, walionyesha kwamba Hedione huamsha kipokezi kimoja puani, na kwamba sehemu fulani ya ubongo iliitikia zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kuitikia kwa ubongo ndani ya mashine ya kupima si kuvutiwa na mtu. Vaa Hedione kwa sababu inanukia vizuri.

Jambo la mwisho linahusu rangi. Manukato ya maua meupe hubadilika rangi ndani ya chupa haraka kuliko mengine, kutoka maji meupe hadi manjano, na mengine hadi rangi ya chai. Methili anthranilati huungana na aldehidi zilizomo kwenye mchanganyiko na kutengeneza vitu vya manjano na chungwa, na indoli nayo huleta wekundu inapokaa na hewa na mwanga. Wengi wakiona hivyo huitupa chupa. Inuse kwanza. Ikiwa mwanzo wake haujawa mchachu wala haunuki kama mafuta yaliyokaa sana, na ua likifika moyoni ni lilelile, chupa ni nzima. Irudishe kwenye boksi lake, iweke kabatini mbali na dirisha, na uendelee kuitumia.